Wajumbe Waliomo Katika Damu



Kila mfugaji amjua maksai. Ajua ya kuwa fahali akihasiwa angali mchanga hatakuwa na shingo nene ya kifahali, wala hatapigana na wenziwe zizini, naye atakubali nira na plau bila matata. Jambo hili wazee wetu walilijua, na watu wa Misri ya kale walilijua, na Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliandika habari zake zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Walakini kujua ya kuwa jambo hutokea ni mbali sana na kujua hutokeaje. Kisu kimegusa mahali pamoja tu pa mwili. Mbona basi shingo, na sauti, na hata hasira za mnyama zimebadilika, nazo ziko mbali na kisu?

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ya kuwa amri zote za mwili hupelekwa na mishipa ya fahamu. Na kweli mishipa hii ni kama nyuzi za simu zilizotandazwa toka bomani mpaka kila wilaya: ukikanyaga mwiba, mguu huruka kabla hujapata nafasi ya kufikiri. Lakini hakuna serikali itumiayo simu peke yake. Ziko pia barua, naye tarishi huzichukua, akipita njia ile ile wapitayo watu wote. Katika mwili njia hiyo ni damu, na barua zenyewe ndizo ziitwazo homoni. Leo nataka kuwahadithieni jinsi barua hizi zilivyogunduliwa. Habari yake ni ndefu, ina makosa mengi na ugomvi kidogo, na ndani yake wamo watoto waliokuwa wakingojewa kufa, wasife.

Mwaka wa 1848, katika mji wa Göttingen, Ujerumani, Bwana Arnold Berthold, mwalimu wa chuo kikuu, alitwaa majogoo wachanga 6. Wawili aliwahasi kabisa. Wawili wengine aliwaondolea korodani moja, na ile ya pili akaikata kutoka mahali pake lakini akaiacha ndani ya tumbo. Wawili wa mwisho aliwatoa korodani zote mbili, kisha akamtia kila mmoja tumboni korodani moja ya mwenziwe. Akangoja. Wale wawili wa kwanza wakanenepa, wakawa wapole, vilemba vyao vikapauka, wala hawakuwika kama iwapasavyo majogoo. Wale wanne wengine wakawika, wakapigana, wakafuata makoo, na vilemba vyao vikawa vyekundu.

Alipowapasua akaona ya kuwa korodani zile zimeshika mahali papya, na mishipa midogo ya damu imeota ndani yake. Mishipa ya fahamu ya kwanza ilikuwa imekwisha katwa. Basi kama amri ya kuwika haikupita katika mishipa ya fahamu, imepita wapi? Berthold akaandika mwaka wa 1849 ya kuwa korodani hutia kitu katika damu, na damu hukieneza mwilini mwote. Sijui hoja nyingine iliyopatikana kwa gharama ndogo kama hii, kuku 6 na kisu. Lakini watu wachache mno walijali, na maandishi yake yakakaa vumbini miaka mingi.

Habari ikaanza tena shingoni. Chini ya zoloto, mbele ya koo, kila mtu ana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Ikivimba twauita uvimbe huo rovu. Katika milima ya Uswisi rovu lilikuwa jambo la kawaida, na daktari mpasuaji wa mji wa Bern, Bwana Theodor Kocher, alisifiwa kwa kuliondoa bila kumwua mgonjwa, kwa kuwa zamani wengi walikufa mezani kwa kutokwa na damu. Kocher alikuwa na mkono wa polepole na safi, akaweza kuitoa tezi yote nzima. Baadaye akataka kujua hali ya watu wake, akawaita warudi. Aliyoyaona yalimtia huzuni. Wengi wa wale walioondolewa tezi yote walikuwa wamevimba uso, ngozi imekauka, wanaona baridi wakati wote, mwendo na mawazo yao yamekuwa mazito. Na watoto hawakurefuka tena. Mwaka wa 1883 alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wapasuaji akaitangaza habari hii yeye mwenyewe, na tangu hapo akaacha kuitoa tezi yote katika maradhi ya rovu. Mwaka wa 1909 alipewa tuzo ya Nobel.

Sasa ikajulikana ya kuwa tezi ile si bure. Lakini je, mtu aliyeikosa aweza kurudishiwa? Hapa yapasa nimtaje mzee mmoja aliyewachekesha watu wa Ulaya. Bwana Charles Brown-Séquard wa Paris alikuwa mtaalamu mkubwa kweli kweli, lakini mwaka wa 1889, akiwa na umri wa miaka 72, alijidunga sindano za maji yaliyokamuliwa katika korodani za mbwa na za panya wa Guinea, akatangaza ya kuwa nguvu za ujana zimemrudia. Siku hizi twajua ya kuwa homoni ile haiyeyuki katika maji ila kidogo sana, kwa hiyo nguvu zile zilitoka katika tumaini lake mwenyewe. Wauza dawa wakafurahi, madaktari wenye busara wakaona haya. Hata hivyo wazo la kumpa mgonjwa kitu kilichotoka katika tezi ya mnyama lilikuwa limetupwa sokoni, na mwingine aliliokota akalifanyia kazi njema.

Huyo alikuwa George Murray, daktari kijana wa Newcastle, Uingereza. Mwaka wa 1891 alimtibu mwanamke wa miaka 46 mwenye dalili zile zile za wagonjwa wa Kocher. Akatwaa tezi za koo za kondoo kutoka machinjioni, akazitengeneza dawa, akamdunga. Baada ya miezi michache uvimbe wa uso ukapungua, mama yule akasema haraka zaidi, akatembea, akatoka jasho tena. Aliishi miaka 28 zaidi, akafa mwaka wa 1919, na katika muda huo alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Hapo ndipo mara ya kwanza ilipoonekana wazi ya kuwa barua ya mwili mmoja yaweza kusomwa na mwili mwingine, hata kama mwandishi wake ni kondoo.

Kabla ya kuondoka shingoni, nieleze kwa nini rovu huota. Mwaka wa 1895 Mjerumani Eugen Baumann aligundua ya kuwa ndani ya tezi ile imo iodini, ambayo kwetu wauza duka huiita madini joto. Bila madini hayo tezi haiwezi kuandika barua yake. Sasa fikirini mfereji wa maji huko Kilimanjaro. Mwangalizi akiona shamba limekauka hufungua maji. Akiona limelowa hufunga. Chini ya ubongo iko tezi nyingine, ndogo kama njegere, iliyo mwangalizi wa tezi nyingi. Ikiona damu imepungukiwa na homoni ya koo, huituma amri yake: Fanya kazi. Ikiona imetosha, hunyamaza. Mtu asiyepata madini joto katika chakula, mwangalizi humhimiza mchana na usiku, na tezi ya koo kwa kujitahidi bure huwa kubwa zaidi na zaidi. Ndilo rovu. Maradhi haya huwa mengi katika nchi za milima, mahali ambapo mvua za karne nyingi zimeosha madini hayo katika udongo. Uswisi ni mfano, na nyanda za juu za kusini mwa Tanzania ni mfano pia. Waswisi walianza kuyatia katika chumvi mwaka wa 1922, na rovu likapungua. Ukinunua chumvi dukani leo, tazama maandishi ya pakiti. Na jambo hili si la uzuri wa shingo tu, kwa maana mama mja mzito aliyepungukiwa sana aweza kuzaa mtoto ambaye akili zake hazitakua.

Mpaka hapa vitu hivi vya damuni havikuwa na jina, wala hapakuwa na mtu aliyeonyesha kwa jaribio moja lisilo na shaka jinsi vinavyotumwa. Kazi hiyo ilifanywa London, tarehe 16 Januari 1902, na mashemeji wawili, William Bayliss na Ernest Starling. Bayliss alikuwa amemwoa dada yake Starling. Bayliss alikuwa mtu mtulivu, mwenye kupima kila neno. Starling alikuwa mwepesi kama moto wa nyasi. Nao walifaana sana.

Swali lao lilikuwa juu ya chakula. Chakula kikitoka tumboni huingia utumbo mwembamba kikiwa na ukali kama wa ndimu. Hapo kongosho, tezi ndefu iliyolala nyuma ya tumbo, humwaga maji yake ya kukiyeyusha. Kongosho hujuaje ya kuwa chakula kimefika? Bwana Ivan Pavlov wa Petersburg, Urusi, aliyekuwa mkubwa wa elimu hiyo, alifundisha ya kuwa habari hupelekwa na mishipa ya fahamu. Mashemeji wale wakamlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakakata mishipa yote ya fahamu iendayo kwenye kipande kimoja cha utumbo, wakaacha mishipa ya damu tu. Kisha wakatia asidi katika kipande kile. Kongosho likaanza kutona maji yake. Starling hakungoja. Akakwangua ngozi ya ndani ya utumbo, akaisaga pamoja na mchanga na asidi, akaichuja, akaidunga katika mshipa wa damu wa mbwa. Baada ya muda kidogo kongosho likatona tena. Tarishi alikuwa amekamatwa na barua yake mkononi. Wakaiita sekretini.

Pavlov aliposikia, akamwambia mwanafunzi wake alirudie jaribio lile. Lilipotokea vile vile akakaa kimya kitambo, kisha akakiri ya kuwa Waingereza wale wana haki, na ya kuwa yeye hakupewa kweli iwe mali yake peke yake. Mimi kama mwalimu namheshimu kwa neno hilo kuliko kwa tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka wa 1904.

Mwaka wa 1905 Starling alitumia neno homoni, lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuamsha au kuchochea. Wanafunzi wengi huuliza: Ikiwa damu hufika kila mahali, mbona barua ya utumbo haisomwi na sikio au goti? Jibu ni kwamba hupita mbele ya kila mlango, lakini hufunguliwa katika nyumba ile tu iliyo na msomaji wake. Kila kiungo kina wasomaji wake, na homoni isiyo na msomaji hupita tu. Homoni moja yaweza pia kuwa na wasomaji wengi. Mtu akikutana na chui njiani, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humimina adrenalini, ambayo ilitengwa safi mwaka wa 1901 na Mjapani Jokichi Takamine aliyekaa Marekani. Na mara moja moyo hupiga mbio, sukari hutoka katika ini, njia za pumzi hupanuka. Homoni nyingine hutenda polepole, kwa miezi na miaka, kama zile zimbadilishazo mvulana sauti na kumfanya msichana awe mwanamke. Sasa na tuje kwenye kongosho tena, maana huko ndiko habari yenyewe ilikonipeleka.

Kisukari ni maradhi ya zamani. Waganga wa Bara Hindi waliona ya kuwa mkojo wa mgonjwa huyo huvuta sisimizi. Mwaka wa 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, naye akawa na kiu isiyokwisha, akakojoa mara nyingi, na katika mkojo wake wakakuta sukari. Ikajulikana ya kuwa kongosho lina kazi mbili: kumwaga maji ya kuyeyusha chakula, na kutia kitu fulani katika damu. Tena Paul Langerhans alikuwa ameona tangu mwaka wa 1869 ya kuwa ndani ya kongosho vimo vikundi vya chembe vilivyokaa peke yake kama visiwa baharini. Kutokana na neno la Kilatini la kisiwa, homoni ile ikaja kuitwa insulini.

Kazi yake ni hii. Sukari itokayo katika ugali na viazi huingia katika damu, lakini misuli haiwezi kuichukua mpaka insulini iwafungulie mlango. Mtu asiye na insulini damu yake imejaa sukari, na chembe za mwili wake zina njaa. Hula, akakonda. Mwili huanza kujila wenyewe, mafuta yake huungua vibaya, damu hupata ukali, pumzi hunuka kama matunda yaliyoiva mno, kisha usingizi usio na kuamka. Kabla ya mwaka wa 1922 mtoto aliyepata kisukari cha namna hii hakuwa na dawa. Madaktari waliweza tu kumnyima chakula ili asife upesi. Wazazi walichagua kati ya kumwona mtoto akifa kwa kisukari na kumwona akifa kwa njaa, na iliyo ya pili ilichukua muda zaidi.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba 1920, daktari kijana wa Kanada, Frederick Banting, alikuwa akisoma ili atayarishe somo. Alikuwa mtoto wa mkulima, amepigana vita akajeruhiwa Ufaransa mwaka wa 1918, na wagonjwa wa kumlipa walikuwa wachache. Alisoma ya kuwa mfereji wa kongosho ukizibwa, chembe zitoazo maji ya chakula hunyauka, na visiwa hubaki. Akawaza: Labda watu wameshindwa kuipata homoni kwa sababu maji yale huiharibu. Basi tuufunge mfereji, tungoje, kisha tuitafute katika yaliyosalia.

Alikwenda Toronto kwa Bwana John Macleod, mwalimu mkuu wa elimu ya mwili. Macleod aliona ya kuwa kijana huyu hajui mengi ya kisukari, lakini alimpa chumba, mbwa, na msaidizi, Charles Best, mwenye umri wa miaka 22. Wakaanza kazi mwezi wa Mei 1921. Joto lilikuwa kali, mbwa wengi walikufa, na vifaa vilikuwa haba. Mwisho wa Julai wakamdunga mbwa mmoja mgonjwa maji waliyoyatengeneza, na sukari ya damu yake ikashuka. Baadaye wakaona ya kuwa hakuna haja ya kufunga mfereji. Kongosho la ng'ombe kutoka machinjioni, likitengenezwa kwa spiriti, latosha. Ndivyo elimu inavyokwenda mara nyingi: wazo lililowatoa nyumbani halikuwa lazima, lakini bila wazo hilo wasingalitoka.

Tarehe 11 Januari 1922 dawa ikatiwa katika mwili wa kijana mmoja katika hospitali kuu ya Toronto. Jina lake Leonard Thompson, umri wake miaka 14, uzito wake ratili 65, yaani kilo 29 na kitu, mifupa na ngozi tu. Sukari ikapungua kidogo, lakini dawa ilikuwa chafu, na mahali pa sindano pakafanya jipu. Wakaacha. James Collip, mtaalamu wa kemia aliyejiunga nao mwezi wa Desemba, akakesha akiisafisha. Tarehe 23 Januari wakaanza tena, na kwa muda wa siku moja sukari ya damu ikashuka kutoka miligramu 520 hata 120 katika kila mililita 100. Kijana akapata nguvu, akachangamka. Aliishi mpaka mwaka wa 1935, akafa kwa ugonjwa wa mapafu.

Mwezi wa Agosti 1922 akaletwa Toronto Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Alikuwa karibu kutimiza miaka 15, na uzito wake ulikuwa kama ratili 45 tu. Yeye aliolewa, akazaa, akafa mwaka wa 1981 akiwa na umri wa miaka 73.

Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1923 ilipewa Banting na Macleod. Banting akakasirika kwa kuwa Best ameachwa, akamgawia nusu ya fedha zake. Macleod naye akamgawia Collip. Huko Bukarest, Rumania, Nicolae Paulescu alikuwa ameandika mwaka wa 1921 habari za dawa yake ya kongosho iliyoshusha sukari katika mbwa, naye hakupewa kitu. Kwa maoni yangu alistahili kutajwa zaidi kuliko alivyotajwa. Lakini jambo moja la watu wa Toronto sina la kulilaumu. Haki ya kuitengeneza insulini waliiuza kwa chuo kikuu chao kwa dola moja moja, ili mtu mmoja asije akaishika peke yake.

Kwa miaka 60 insulini ilitoka katika ng'ombe na nguruwe. Mwaka wa 1955 Frederick Sanger wa Cambridge alimaliza kuonyesha jinsi vipande vyake 51 vilivyopangwa kimoja baada ya kingine, na mwaka wa 1978 wataalamu wa California wakawafundisha vijidudu wadogo kuitengeneza insulini ya binadamu yenyewe; ikaanza kuuzwa mwaka wa 1982.

Hata hivyo yafaa nieleze jambo la kijijini. Mtoto mwenye kiu nyingi, akojoaye usiku hali zamani alikuwa ameacha, na kukonda ingawa ala, huweza kudhaniwa ana malaria, au amerogwa, na siku zikapotea ambazo hana nyingi. Kupimwa sukari kwataka tone moja la damu. Na akiisha kupewa dawa, iko shida ya joto, kwa maana insulini huharibika juani. Chupa iliyofunguliwa hukaa yapata wiki 4 mahali pasipo na joto kali. Penye nyumba isiyo na friji, watu hutwaa vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, hutia mchanga uliolowa maji kati yao, huiweka chupa ndani pamoja na kifuniko cha nguo mbichi, na kuviweka kivulini penye upepo, wakiunyunyizia mchanga maji asubuhi na jioni.